Ikague Kabla Haijaamka

(Maneno ya fundi wa magari kwa wanachama wa ushirika wa wakulima wa viazi, Njombe)

Kamwene! Huko nyuma sijawasikia. Kamwene!

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mliokosa viti, nashukuru kunikaribisha. Nina ombi kabla sijaanza. Ile Hilux nyeupe pale karibu na mzani imelala hapo tangu jana jioni, na funguo zake ninazo mimi, hizi hapa. Naomba asiiguse mtu. Hata boneti isifunguliwe. Tutaiendea.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Fundi, tumejichanga, tunataka pikapu ya dizeli ya kutolea viazi mashambani. Mpya hatuiwezi. Njoo utuambie tuangalie nini." Nikamuuliza mmeshaona zipi. Akasema mbili, zote Hilux za mwaka 2008. Moja iko Dar es Salaam, inang'aa, ina kilomita 92,000. Ya pili iko Makambako, ina kilomita 340,000, kiti cha dereva kimechanika. Wengi wenu mnataka ya Dar. Nikamwambia sijaiona hata moja, lakini moyo wangu umeshaelekea Makambako.

Fanyeni hesabu. Pikapu ya 2008 ikitembea kilomita 20,000 tu kwa mwaka, na kwa gari la kazi hizo ni chache, leo imeshapita 300,000. Sasa hii ya 92,000 ilikuwa wapi miaka yote hiyo? Labda ilikuwa ya padri mzee asiyetoka parokiani, sikatai. Ila siku hizi kilomita ziko kwenye dashibodi ya umeme, na kijana mwenye kompyuta anazirudisha nyuma wewe hujamaliza kikombe cha chai.

Kwa hiyo mkifika kwenye gari, ile namba ya kilomita iacheni kwanza. Someni raba ya pedali ya klachi. Dereva wa pikapu ya mizigo anakanyaga klachi siku nzima, raba inalika upande mmoja mpaka chuma kinachungulia. Kilomita 92,000 hazili raba namna hiyo. Na ukikuta raba mpya kabisa kwenye gari la 2008, hilo nalo ni jibu. Angalia usukani pale viganja vinapokaa. Angalia ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, pale ambapo makalio yanajisugua kila mtu anaposhuka. Mnacheka, lakini makalio hayarudishwi nyuma kwa kompyuta.

Na wale wa "hii namba D bwana", niwaambie. Herufi ya kwanza ya zile tatu za mwisho kwenye kibao cha namba inakuonyesha gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Haikwambii lilitoka kiwandani lini. Gari linaweza kuvaa namba D huku lilikuwa limeshatumika miaka mingi kwingine kabla ya kushuka bandarini.

Mimi kilomita nyingi hazinitishi. Dizeli iliyomwagiwa oili mpya kila kilomita 5,000 nimeiona ikipita 400,000 hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, haijafunguliwa. Kinachonitisha ni gari ambalo mwenyewe ameliamsha kabla sijafika.

Hilo nimejifunza kwa hela yangu. Mwaka 2013 nilikuwa fundi tayari, tena wa kujisifu, nikashuka Dar kununua Hilux ya D4D, ile dizeli ya Toyota ya kompyuta, yenye injini ya 1KD. Nimefika saa nne asubuhi, nakuta injini ya moto. Muuzaji akasema, "Samahani mzee, nimetoka nayo kununua mkate." Ikawaka kwa kugusa ufunguo. Haina moshi, haina kelele. Nikaiendesha mpaka Kimara na kurudi, nikalipa. Kwenye kupanda Kitonga taa nyekundu ya oili ikapepesa mara mbili. Nikajiambia hiyo sensa tu. Fundi mzima! Nikafika Njombe usiku, nikalala usingizi wa mwenye gari. Asubuhi ulikuwa mwezi wa saba, mnaijua baridi yetu, nyasi nyeupe. Nikapiga stata. Ikazunguka, ikazunguka, ikatoa moshi mweupe ukajaza ua mzima, halafu ikashika kwa kugonga: ko, ko, ko, ko. Kuku wa jirani walikimbia.

Nilipoifungua nikakuta washa za shaba chini ya nozeli mbili, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zimeachia. Washa yenyewe ni kidude kidogo kama kifungo cha shati. Kazi yake ni kuzuia moto wa ndani ya silinda usipande juu kando ya nozeli. Ikiachia, gesi ya moto inapenya hadi kwenye oili na kuijaza masizi. Masizi yanaganda, yanashuka kwenye bakuli la oili, yanakwenda kukaa kwenye chujio la pampu. Nililitoa lile chujio, limeziba kama kitako cha sufuria ya kuni, nyavu hazionekani. Injini ilikuwa inakunywa oili kwa tundu la sindano. Ningeendelea wiki moja tu, beringi za krenki zingekauka na injini ingekufa. Ule mkate wa muuzaji ulinigharimu nozeli, gasketi na wiki mbili za kazi. Injini ya moto inasamehe mengi: vyuma vimeshatanuka vikakaza mianya, mafuta yanawaka hata nozeli ikikojoa badala ya kupuliza. Ubovu wa namna hiyo unausikia asubuhi tu.

Sasa ninyi mwambieni muuzaji mapema kwamba mnakuja saa moja asubuhi, na gari msilikute limewashwa. Mkifika, kabla hata ya salamu kuisha, mmoja aweke kiganja kwenye injini, kisha kwenye hozi ya juu ya rejeta. Ikiwa ya vuguvugu, kunyweni chai, msipige kelele na mtu, mwambieni mtarudi kesho. Muuzaji mkweli atakubali. Yule mwingine ataanza kuwaambia kuna mteja wa Morogoro yuko njiani na hela taslimu. Huyo mteja wa Morogoro namfahamu, yuko njiani tangu nilipoanza ufundi.

Injini ikiwa ya baridi fungua kifuniko cha rejeta. Ikiwa ya moto usithubutu, itakuunguza uso. Maji yawe na rangi ya dawa yake, nyekundu au kijani, yawe safi. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, ujue mwenyewe hakuwa anajali. Ukikuta utando wa mafuta juu, gasketi au hedi ina kasoro. Kisha vuta kijiti cha oili. Hapa watu wengi wanakosea: oili ya dizeli kuwa nyeusi si ugonjwa, inakuwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwagwa. Mimi nashtuka nikikuta ya rangi ya asali, maana imemwagwa jana kwa ajili yangu, na hiyo ya zamani iliondoka na ushahidi. Ipake kati ya vidole. Ikiwa nzito kama uji wa mtoto, mtu ameweka oili ya gia ili kunyamazisha kelele. Ikiwa imepita alama ya juu na inanukia dizeli, mafuta yanavuja ndani. Ukimaliza, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze. Kwenye D4D, ukikuta chembe ngumu nyeusi zimeshikamana chini yake, ndiyo yale masizi niliyowaeleza.

Ndipo uwashe, na mwenzako asimame nyuma kwenye egzosi. Ufunguo kwanza uufikishe kwenye taa ya kupasha moto, isubiri izime, kisha piga stata. Pumzi moja nyeupe inayoisha nusu dakika kwa baridi yetu hii haina neno. Ukiendelea na kunuka dizeli mbichi, ni nozeli, au plagi za kupasha, au mgandamizo umeshuka. Moshi wa bluu ni oili inaungua, uulize tabo, ile pampu ya kusukumia injini hewa, kwanza kabla ya kulaumu ringi. Mweusi unapokanyaga ghafla, mara nyingi ni filta ya hewa au nozeli, na hauui mtu. Ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, sikiliza mapigo. Dizeli inagonga kwa asili yake, ila igonge sawasawa kama wanawake wawili wanaopokezana mchi. Ukisikia pigo moja linaruka au linazidi wenzake, kuna silinda inaumwa.

Hapo hapo, dakika mbili hazijaisha, shika tena ile hozi ya rejeta. Injini bado ya baridi, hozi haitakiwi kuwa imejaa. Ikiwa imeshakuwa ngumu kama tairi la baiskeli, gesi inaingia kwenye maji, na hilo gari mshukuru mwenyewe muondoke. Ikipita salama, lipeni muda lipate moto na mtazame mshale. Magari mengi yanayotoka Pwani yametolewa themostati, ile valvu inayosubiri maji yapate moto ndipo iyaruhusu kwenda kwenye rejeta. Liliwahi kuchemsha, fundi akaitoa themostati akatupa, akasema limepona. Ukilileta huku mshale haupandi kabisa, injini inaishi kwenye baridi, inakula mafuta na kujila yenyewe. Themostati yenyewe bei rahisi. Swali ni lilichemsha mara ngapi na hedi ikoje.

Kuna taa moja kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT. Inawaka mkanda wa taiming unapofika kilomita zake: kwenye injini za L, zile dizeli za zamani za Toyota kama 3L na 5L, ni 100,000, kwenye D4D ni 150,000. Mtu anaweza kuizima taa bila kugusa mkanda. Mkanda ukikatika njiani, valvu zinapigana na pistoni. Kwa hiyo, risiti ikikosekana, hesabuni mkanda mpya kwenye bei, muubadilishe siku hiyo hiyo, msianze kubishana.

Hii D4D niisemee kidogo, maana ndiyo inayogombanisha watu. Pampu ya zamani, ya 3L na zile 5L zisizo na kompyuta, ni chuma na chuma. D4D inasukuma dizeli kwa zaidi ya baa 1,000, wakati tairi lako lina baa 2 na kitu. Na kwenye pampu hiyo grisi ni dizeli yenyewe. Sasa kumbukeni miaka ile dizeli ilivyokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, mpaka neno "kuchakachua" likaingia hata kwenye siasa. EWURA, wadhibiti wa mafuta, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri ya kugundua uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010. Mafuta ya taa hayalainishi. Hilux ya 2008 iliyokunywa yale mafuta miaka miwili mitatu ina kidonda pampuni na kwenye nozeli, kilomita zisome zinavyotaka. Kwa D4D, kodini fundi mwenye mashine ya kusoma. Asiishie kufuta makosa. Awaonyeshe namba za marekebisho ya kila nozeli ikiwa sailensa. Zikiwa karibu na sifuri, vizuri. Inayokaribia tatu, juu au chini, imechoka. Na dalali akikuambia inayumba sailensa kwa sababu ya "kavalvu kadogo tu ka kwenye pampu", mwambie sawa, kakibadilishwa nitakuja.

Sasa tuingie uvunguni, maana ninyi ni watu wa lumbesa, yale magunia ya kujaza kupita kipimo. Msinitazame hivyo, najua sheria inasemaje na najua mnavyofunga. Gunia la lumbesa linapita kilo 100. Pikapu hii iliundwa kubeba kama tani moja. Mkipanga magunia 20 mmepita tani mbili, na barabara ya shambani ina makorongo. Uzito ule ukizidi nyuma ya ekseli unavuta chasisi ipinde pale kati ya kabini na bodi. Lala chini na tochi, pitisha kidole pale pande zote mbili. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba ni ufa unaoanza. Bamba lililochomelewa juu yake maana yake ufa ulishafika. Rangi nyeusi mbichi uvunguni mwa gari la zamani, ikwangue kwa ukucha. Tazama vishikizo vya springi, hesabu mabamba ya springi kushoto na kulia: yameongezwa mangapi? Mtu haongezi mabamba kwa kubeba mkate. Kisha mwambie mmoja aiendeshe polepole mbele yako, moja kwa moja, wewe ukiwa nyuma. Kama magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za mbele na inakwenda upande kama kaa, imepinda. Injini ikifa utaisuka. Chasisi iliyopinda itakula matairi, itakula beringi, na siku moja itakuachia magunia katikati ya barabara. Mkiwa na hela ya kosa moja tu, kubalini kosa la injini.

Mkiwa bado mna mikono michafu, soma namba. Kwenye Hilux imegongwa kwenye chuma cha chasisi upande wa kulia, mbele, kwenye tairi. Ilingane na kadi, herufi kwa herufi, isiwe imesagwa. Halafu tafuta bamba dogo ndani ya chumba cha injini lenye neno MODEL. Ikianza LN au LAN ilizaliwa na injini ya L, ikianza KUN ilizaliwa na D4D: KUN25 ni 2KD ya lita mbili na nusu, KUN26 ni 1KD ya tatu. Nasema hivi kwa sababu wengi, D4D ikiwashinda, wanatoa injini na kupachika 5L. Haina ubaya kiufundi. Lakini kadi bado inasema namba ya injini ya zamani. Mimi niliwahi kukuta kadi ina ukubwa wa injini wa cc 2982, ambayo ni 1KD, na ndani imekaa 5L, ambayo ni 2986. Tofauti ya cc nne tu, mnunuzi hakuiona. Askari aliiona.

Karatasi zenyewe nazipitia haraka: jina kwenye kadi na kitambulisho cha anayeuza viwe vya mtu mmoja, faini za barabarani muangalie kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na kama kadi "iko benki" basi kuna mkopo, mkalipie huko benki. Gia boksi, difu na breki mtaziona mkiendesha. Zina kelele zao, na zote zinatengenezeka.

Mama mmoja hapa amenyoosha kidole muda mrefu. Karibu, mama.

Anasema nimeisema D4D vibaya, sasa wachukue 5L?

Mama yangu, 5L haina tabo. Huku kwetu ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na tabo inaisikia. Ukiipakia itapanda kwa gia ya pili na moshi mweusi, na wenye mabasi watakupigia honi. Lakini ikikwama shambani, fundi mwenye spana tatu anaiwasha. D4D inavuta vizuri zaidi na mafuta inatumia kidogo, ila nozeli zake nne zikichoka pamoja mtarudi kwenye kikao cha kuchangishana. Kwa ushirika, ambapo dereva atakuwa huyu leo na yule kesho, mimi ningechukua 5L yenye chasisi nzima, nikavumilia honi. Mtu binafsi anayeendesha mwenyewe na kuchagua kituo cha mafuta, ningemwambia vingine.

Ile ya Makambako, Mwenyekiti ameniambia sasa hivi, ni LAN25. Haya.

Na ile nyeupe pale nje ni ya mzee mmoja wa hapa hapa. Ina 412,000. Usiku huu imepigwa na umande kama kabichi. Ninyi kina mama mtangulie mbele, na mama uliyeuliza, wewe ndiye utakayeweka kiganja kwanza. Vijana, simameni kwenye egzosi. Asiwashe mtu mpaka niseme.